Hukula Miwa

Mwende wangu,

Umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na jinsi ninavyokujua hutarudi kabla chai haijapikwa mara mbili. Basi nimevuta kiti hapa mezani, nimesukuma kando mchele niliokuwa nikichagua, nikachana kurasa za nyuma za daftari la kamati ya kina mama. Kesho asubuhi utakuwa safarini kwenda chuoni Eldoret. Barua hii nitaiweka kati ya blanketi mbili ndani ya sanduku lako. Usiifungue mbele ya baba yako, maana atataka isomwe kwa sauti.

Habari za kufua na kupika na kujikinga na baridi sitaandika. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na shida. Nataka kuandika juu ya meno yako. Najua umecheka hapo. Lakini kuna jambo juu ya meno hayo ambalo mimi na wewe tumelipita pembeni kwa miaka sita, kama watu wanaompita mbwa aliyelala mlangoni, na sitaki uondoke kabla sijalisema.

Mimi ni mtu wa kushuku. Baba yako husema nikipewa sufuria ya zawadi huigeuza kwanza nione kama ina tundu chini. Sikuzaliwa hivi. Nilipomaliza shule kule Makueni, binamu yangu, tuliyekuwa tukilala naye kitanda kimoja, alichukua karatasi yangu ya matokeo akasema anaipeleka mjini kunitafutia nafasi ya uuguzi. Nafasi ilipatikana, akaingia yeye, kwa jina langu. Mpaka leo kuna muuguzi mahali fulani anaitwa kama mimi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hakuna wa kunilaumu kwa kushtuka. Lakini mimi nilizidisha. Nilianza kuona nyoka hata kwenye uwanja uliofagiwa.

Ulipozaliwa tulikuwa Kajiado, baba yako akifanya kazi kwenye machimbo ya mawe. Tulikodi chumba pembeni mwa mji, na jirani yetu wa upande wa malisho alikuwa mama wa Kimaasai aliyeitwa Mama Nashipai. Alikuwa na ng'ombe wachache na wajukuu wengi. Maji sote tuliteka kwenye kisima kimoja kilichochimbwa kwa mashine, na ng'ombe wake walinywea hapo hapo kwenye birika la saruji. Siku moja alinikuta kisimani nikijaza mtungi, wewe ukiwa umeshika rinda langu, ukijifunza kusimama.

"Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikaitikia, maana Kimaasai changu chote kiliishia hapo.

Akamwita mjukuu wake mmoja, mvulana wa miaka tisa au kumi, akamfungua mdomo kwa kidole gumba ili nione. Meno yake ya mbele yalikuwa na rangi ya chai ya rangi.

"Mama, hii maji si ya mtoto," akaniambia. "Weka ya mvua. Ya mvua ndio mtoto anakunywa. Hii ni ya ng'ombe na kuosha nguo."

Katika maneno yote hayo mimi nilisikia ng'ombe tu. Nikajiambia: haya basi, huyu anataka kisima kibaki cha mifugo yake, na sisi tuliokuja juzi anatufukuza kwa ujanja. Jioni nilimweleza baba yako. Akakuna kichwa.

"Lakini angetaka tusiteke, si angesema tu tusiteke? Wacha niweke pipa chini ya bati. Mvua ikinyesha mtoto apate ya kunywa."

"Ukiweka hilo pipa," nikamwambia, "utakuwa umekubali tufukuzwe."

Hakuweka. Kesho yake nilikwenda na wewe kisimani kusudi, nikangoja mpaka Mama Nashipai afike na ng'ombe wake, nikateka kikombe kimoja nikakunywesha mbele ya macho yake. Nilitaka ajue kwamba mimi si mjinga. Ulikuwa na kiu, ukakimaliza chote, ukashusha pumzi. Yeye alituangalia, kisha akachukua fimbo yake akawafuata ng'ombe. Ulikunywa maji hayo mpaka ukafika miaka minane.

Meno yako ya utoto yalikuwa meupe. Ya utu uzima yalipoanza kutoka, yalikuja na mabaka, mahali pengine kama chokaa, mahali pengine kahawia. Nilisema ni uchafu. Nikakusugua kwa mkaa na chumvi mpaka ufizi ukatoa damu, na wewe ukilia nikasema hutaki kupiga mswaki. Wakati huo baba yako alikuwa amepata kazi Athi River, tukahamia hapa Kitengela. Maji ya hapa tuliletewa kwa mikokoteni ya punda, na sikuwahi kuuliza yanatoka wapi. Mtu wa kushuku kila kitu, maji sikuyashuku hata siku moja.

Juu ya rangi likaja la pili. Meno yako yaligombania nafasi. Chonge mbili za juu ziliota juu ya ufizi, ya mbele yakapandana, na ulipofunga mdomo yale ya chini yaligonga kaakaa mpaka palikuwa na kidonda kisichopona. Ulikuwa unakula ukiwa umeinamisha kichwa upande. Susu, nyanya yako, alipotutembelea alikuangalia kwa huruma, akasema, "Siku zetu yangechongwa kidogo, yakapata nafasi." Akatabasamu na meno yake manne yaliyochongoka kama misumari, nawe ukakimbilia chumbani ukafunga mlango. Mlicheka naye baadaye, lakini siku ile hukula chakula cha jioni.

Watu wa afya walipokuja shuleni kuwakagua, ulirudi na barua inayosema upelekwe kwa daktari wa kunyoosha meno. Niliisoma, nikaigeuza, nikasema ni biashara: wanatembea shuleni wakijitafutia wateja. Barua ilikaa kabatini mwaka mzima. Baba yako ndiye aliyeitoa, siku aliyokuona ukicheka na wenzako huku umefunika mdomo kwa daftari. Hakugombana nami. Alisema tu, "Kesho sitaenda kazini."

Daktari wa Nairobi alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini, mikono midogo. Hilo la sauti ya chini halikunifurahisha, kwa kuwa binamu yangu pia alikuwa na sauti ya chini. Alisema taya lako ni dogo na meno ni mengi. Inabidi magego madogo manne yang'olewe ili mengine yapate pa kusogea, kisha uwekewe vibati vinavyogandishwa kwenye meno kwa gundi, na waya wa kuyavuta. Nikamuuliza kama hayo manne ni mabovu. Akasema ni mazima kabisa. Mwende, mtu akuambie anakung'oa jino zima! Nilisimama nikachukua mkoba. Baba yako akanivuta rinda, nikaketi.

Nilikubali kwa sharti moja, na hii wewe hujui, ulikuwa nje. Nilitaka meno yote manne nipewe mkononi.

"Ya nini, mama?" daktari akauliza.

"Ni ya mtoto wangu," nikamjibu. "Yasije yakaenda mahali."

Akanipa, yamefungwa kwenye pamba. Njiani baba yako alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Ulidhani atayapanda yaote?" Mimi nilijua watu wanavyotumia meno ya mtoto wa mtu, na wewe unajua upande wa kwetu hayo hayachekwi. Niliyatupa ndani ya choo cha shimo, yakaisha. Nakuandikia hili ili ucheke, maana yanayofuata hayachekeshi.

Vibati vikawekwa. Daktari akakupa orodha ya vitu vya kuacha: miwa, njugu karanga, mahindi ya kuchoma, mifupa. Hata muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, nilikupikia mpaka yakawa kama uji. Siku ya tisa ukaja jikoni na kibati kimoja kwenye kiganja.

"Mama, imetoka."

"Umekula nini?"

"Sijakula kitu."

"Kitu cha chuma hakitoki chenyewe, Mwende."

"Haki Mama, nilikuwa natafuna tu ugali."

Tukarudi Nairobi, kikabandikwa. Wiki mbili baadaye vikatoka viwili. Kisha kingine. Nami nikaanza kazi ya upelelezi. Nilikunusa mdomo ukitoka shule. Nilitoa mifuko ya sketi yako nje-ndani nikitafuta maganda. Nilikwenda kwa yule kijana aliyekuwa akiuza miwa kwa wilibaro karibu na lango la shule, nikamuuliza kama amewahi kukuuzia.

"Yule wa waya kwa meno? Huyo hata hanunui," akasema. "Akipita hapa anaangalia upande ingine."

Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilirudi nyumbani nikisema: mbona anaangalia upande mwingine kama hana hatia? Unaona jinsi ugonjwa huu ulivyo. Aliye na hatia anakosa, na asiye na hatia anakosa zaidi.

Safari ya tano nilikuchapa kwa sapatu, kisha nikakusimamisha hapa, mbele ya meza hii ninayoandikia, nikakuwekea mkono juu ya Biblia. Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Nikakuambia hutaketi mpaka useme ukweli mbele ya Mungu. Ulisema hujala. Nikakuambia fikiri tena. Ulisimama muda mrefu, nikamaliza kupiga pasi sare zote za wiki. Mwishowe ukasema, kwa sauti ndogo, "Ni miwa, Mama. Nilikula miwa."

Nikasema asante Yesu. Unakumbuka? Nilikukumbatia. Nilikupikia chapati. Usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyolala miezi yote ile, kwa sababu nilikuwa nimeupata ukweli.

Kule kliniki nikamwambia daktari kwa kujivuna, "Amekubali mwenyewe. Ni miwa." Daktari alikulaza, akasogeza taa, akakausha jino kwa hewa, akaangalia sana. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mtoto huyu alikuwa wapi akiwa mdogo? Kabla ya miaka minane?"

"Kajiado."

"Maji ya kunywa mlitoa wapi?"

"Kisima."

Akatikisa kichwa polepole, akanieleza. Maji ya visima vingi vya huko yana madini mengi ya floridi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake makubwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, ngozi ya juu ya jino haikomai sawasawa. Ndiyo inatoka na mabaka. Na gundi ya vibati haishiki vizuri juu ya ngozi kama hiyo. Inashika juu juu, kisha inabanduka hata kwa ugali.

"Angelikula miwa, mama, waya ungekuwa umepinda. Hii haijapinda. Huyu mtoto hana makosa. Hata mimi ni kosa langu, ningeuliza mapema. Nitabadilisha namna ya kuyaandaa."

Nikakugeukia. "Sasa kwa nini ulisema ni miwa?"

Ulikuwa bado umelala kwenye kile kiti, taa usoni. Ukasema, "Si ndio ulikuwa unataka niseme."

Mwende, hapo ndipo mama mwenye akili angepiga magoti. Mimi nilinyamaza. Na tukiwa njiani kurudi, nikukirie yote, nilikaa nikifikiri kwamba huenda wewe na daktari mmepatana. Nilikuona umeegemea dirisha, umefumba macho, nikajiuliza unaficha nini.

Ulikuwa umeanza kuficha kweli, ila mimi ndiye niliyekufundisha. Miezi mitatu baadaye kibati cha gego la nyuma kilitoka, nawe hukusema. Ulichukua nta ya mshumaa ukakishikilia nayo kila asubuhi. Ncha ya waya ikaachia, ikawa inakukwaruza shavu kwa ndani, siku baada ya siku, nawe mezani unasema "niko sawa, Mama." Nilijua Jumapili moja kanisani, ulipokataa kuimba. Shavu lilikuwa limevimba na lina joto. Nilikufungua mdomo pale nje kwenye jua, nikaona usaha.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Na hukuniambia?"

"Ungesema ni miwa."

Ulilazwa siku mbili. Daktari wa hospitali alisema mambo hayo yakichelewa huwa mabaya zaidi, na sitaki kuandika alivyosema. Nilikaa kando ya kitanda chako nikaona kwamba mtoto wangu alichagua kuoza mdomo kuliko kuniambia neno moja. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa binamu yeyote. Nilikuomba msamaha kimoyomoyo, nikingoja uamke nikuambie kwa sauti. Ulipoamka nikakuuliza kama umemeza dawa. Basi nakuambia leo, kwa kalamu yangu mwenyewe: hukula miwa. Hukula hata siku moja. Nilikuchapa bure, nikakuapisha uongo kwa kitabu cha Mungu. Nisamehe.

Na maji yale nilikunywesha mimi, baada ya kuonywa. Hilo hujawahi kulijua mpaka hapa uliposoma. Ulikuwa ukiniuliza kwa nini binamu zako wa Makueni wana meno meupe, nami nikawa nasema ni Mungu tu. Mwaka uliofuata baada ya waya kutolewa, nilipanda gari nikaenda Kajiado peke yangu. Nilimwambia baba yako naenda kwa mkutano wa kina mama. Mama Nashipai nilimkuta amezeeka, ameketi mlangoni kwa binti yake. Nikamwambia mimi ni nani, nikamkumbusha kisima na kile kikombe, nikamwambia nimekuja kuomba msamaha.

"Mimi nilikuambia hivyo?"

"Uliniambia."

"Niliambia wengi," akasema. "Wengine walisikia, wengine hawakusikia. Wewe hata sikumbuki, mama. Mtoto ako aje?"

Miaka yote hiyo nilidhani mwanamke yule ameniweka rohoni. Hakuwa ameniweka popote. Alimtuma binti yake alete chai ya maziwa, nami, usinicheke, nilikitazama kikombe kidogo kabla ya kunywa. Kisha nikanywa, akaniongezea.

Sasa nisikie la mwisho, na ndilo lililoniketisha hapa. Wiki mbili zilizopita nilimpigia simu Mama Kioko, tuliyekuwa naye kwenye ushirika kabla hawajahamia Eldoret. Nyumba yake haiko mbali na chuo chako. Nilimwomba akuangalie. Akuangalie siyo kama mama anavyoangalia mtoto. Nilimwomba aniambie unatembea na nani, unarudi saa ngapi, kanisani unaketi na nani, kisha anipigie kila Jumapili. Alikubali haraka, na moyo wangu ukatulia. Sikukuambia, wala sikumwambia baba yako.

Leo mchana nilikuwa nikichagua mchele huku nakusikia chumbani ukikunja nguo na kuimba, na meno yako yote yako pale mdomoni, yamenyooka, na mabaka yake. Nikaona haya. Nikanawa mikono, nikampigia tena kumwambia aache.

Akacheka.

"Mama Mwende, kwani unafikiri nilikuwa nianze?"

"Si ulikubali?"

"Nilikubali ndio usitafute mtu mwingine. Mimi sina kazi ya kufuata mtoto wa watu."

"Na Jumapili nikikuuliza?"

"Ningekuambia ako sawa."

Mama Kioko ni mzee wa kanisa, mtu asiyekula hata embe la jirani. Alikuwa tayari kunidanganya kila Jumapili, bila dhambi, kwa huruma. Nami ningemwamini! Mimi, ambaye daktari sikumwamini, na jirani sikumwamini, na wewe sikukuamini ukiwa umeshika kibati kwenye kiganja. Nimekaa nikijiuliza ni wangapi wameniambia wako sawa. Baba yako je? Na wewe, mara ngapi?

Hivyo sina mtu Eldoret. Sitakuwa na mtu. Utakwenda pale na siku moja mambo yataharibika, maana huharibika, iwe ni masomo, au mwili, au kijana fulani, na hakuna atakayeniambia isipokuwa wewe. Mimi siwezi kukuahidi kwamba nitabadilika kabla ya kesho. Nikikusikia umenyamaza kwenye simu nitaanza: uko wapi, uko na nani, ni nini hiyo inapiga kelele. Nikianza hivyo, usinijibu kwamba uko sawa. Kata simu. Kata tu, sitasema umenikosea adabu. Kisha unipigie kesho yake uniambie lile ulilotaka kusema, nami nitasikiliza mpaka umalize.

Ni mimi mama yako.